Picha ya Ndege na Kiota Chake

Leo nasema hasa nanyi vijana wa Kizwite mpendao kupiga picha za ndege na wanyama.

Katika mwaka 1903 na 1904 Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alipiga picha za wanyama wa mwitu usiku katika nchi hii, akimulika kwa unga uwakao ghafula. Vyombo vyake vilichukuliwa na wapagazi wengi. Siku hizi simu ya mkononi yatosha. Lakini wepesi huu una hatari yake.

Ukikikaribia kiota, mama huruka. Na baridi ya Ufipa mwaijua: mayai yaliyoachwa hupoa upesi. Ukikata majani yanayokificha, umemfungulia mwewe mlango. Basi kaa mbali, jua likiwa mgongoni pako, ungoje.

Ukiwaonyesha wenzio picha ya mwari wa Ziwa Rukwa, au ya mbega wa msitu wa Mbizi, sema umeipiga wapi na lini. Bila hayo ni pambo tu. Pamoja nayo ni ushahidi.

Nawe unayeonyeshwa picha ya ndege kiotani, isifu, kisha uliza: “Je, mama alirudi?”

Kwaherini.