Mahali pa Sura katika Ubongo



Kiswahili kinatenga uso na sura. Uso huoshwa asubuhi, hupakwa mafuta, huumwa na mbu, sura hutambuliwa. Tukikutana na mtu tuliyesahau jina lake humwambia sura yake si ngeni, na kila mtu huelewa kuwa hatuzungumzii ngozi. Nitauegemea mgawanyo huo leo, kwa kuwa swali linalowagombanisha wataalamu wa ubongo limekaa hapo hapo: je, ubongo una fundi maalumu wa sura, au fundi wa kuona ni mmoja tu, na sura kwake ni kazi kama kazi ya kutambua kiti, sufuria au baiskeli? Ninavyoona mimi, fundi maalumu yupo, ila hakuzaliwa na ufundi wake.

Dalili za kwanza zilitoka kwa majeruhi. Mwaka 1947, daktari Mjerumani Joachim Bodamer aliandika habari za watu walioumia ubongo, ambao waliona macho, pua na mdomo sawasawa lakini wasiweze kusema huyo ni nani. Aliuita upungufu huo prosopagnosia. Miaka 50 baadaye, mtafiti wa ubongo Nancy Kanwisher na wenzake wawili waliwalaza watu 15 ndani ya mashine ya MRI, wakawaonyesha picha za nyuso na za vitu vya kawaida. Kwa 12 kati yao, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, kwenye mkunjo wa fusifomu, ilichangamkia nyuso kuliko vitu, hasa katika nusu ya kulia. Nyumba na viganja vya mikono havikuiamsha kwa kiwango hicho.

Mtafiti mwingine, Isabel Gauthier, hakukubali. Alidai kwamba sehemu hiyo ni ya ubingwa wa aina yoyote, na sisi sote ni mabingwa wa nyuso kwa sababu tumezitazama maisha yetu yote. Aliwafundisha watu kutofautisha viumbe vya kubuni viitwavyo Greebles, na baada ya mafunzo sehemu hiyo ikaanza kuvichangamkia. Mwaka 2000 alionyesha jambo kama hilo kwa mabingwa wa ndege na wa magari. Hoja hii ni nzito, wala siidharau. Lakini inakwama kwa mgonjwa anayejulikana kwa herufi CK, ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 1997. Baada ya ajali, CK alishindwa kutambua vitu vya kawaida kwa kuvitazama, ilhali nyuso alizitambua vizuri kabisa. Alipoonyeshwa michoro ya Arcimboldo, yule Mwitaliano aliyepanga matunda na mboga zikawa kichwa cha mtu, aliuona uso asizione mboga! Tena kabla ya ajali alikuwa bingwa wa vinyago vidogo vya askari alivyovikusanya, na ubingwa huo ulimtoka. Kama sura na ubingwa vingekuwa kazi moja, vingepotea pamoja.

Pingamizi la pili ni la mtafiti James Haxby. Mwaka 2001 alionyesha kwamba taarifa za nyuso, paka, viatu na nyumba zimetawanyika katika eneo pana, hata nje ya sehemu zinazochangamka sana. Ni kweli. Ila taarifa kuwepo mahali si sawa na kutumika mahali hapo. Mwaka 2012, daktari Josef Parvizi na wenzake walipitisha umeme kidogo kwenye mkunjo wa fusifomu wa mgonjwa aliyekuwa macho, naye akaona uso wa daktari mbele yake ukipinda na kubadilika, huku nguo na mwili vikibaki vilevile.

Basi fundi yupo. Alitoka wapi? Mwaka 2017, watafiti wa Harvard walieleza habari za kima waliolelewa bila kuonyeshwa nyuso. Kima hao hawakupata vile vijisehemu vya nyuso ambavyo wenzao huwa navyo. Vya mikono walikuwa navyo, kwani mikono ya watunzaji waliiona kila siku. Mtu atauliza: mbona vichanga wenye umri wa dakika chache hufuata kwa macho mchoro unaofanana na uso? Hufuata, naam. Lakini kuvutwa na kitu si kukitambua. Mvuto huo unatosha kuyaelekeza macho ya mtoto kwa mama. Mengine hujengwa na kule kutazama kwenyewe, miezi na miaka.

Na fundi huyo akikosekana, mengine yote yanaweza kubaki salama: akili, kumbukumbu, macho. Kwetu, apitaye bila kusalimu huitwa mwenye maringo. Nawaomba walimu na madaktari mlio hapa, kabla ya kumhukumu anayewapita wanaomjua kama wageni, muulizeni kwanza kama huwatambua watu kwa sura, au husubiri kusikia sauti.