Mti Mkubwa Ukianguka, Usimtafute Mchawi

Maongezi ya redio juu ya amani, kwa wasikilizaji wa Kabambare na Kasongo

Wako waliotusikia redioni, na wako ambao betri ziliwaishia katikati ya maongezi. Ndiyo sababu tumeyaandika maneno haya, ili uyasome pamoja na jirani yako, na asiyejua kusoma asomewe.

Leo tutaongea juu ya jambo ambalo kila mtu akaaye karibu na msitu amelisikia kwa masikio yake. Ni usiku. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Ghafla unasikia mlio kama wa bunduki, mmoja, halafu wa pili. Watoto wanaamka. Moyo unakupiga, maana sisi watu wa hapa bunduki tunaijua, tangu vita vya 1996 na vingine vilivyofuata. Lakini hii si bunduki. Unafuata mngurumo mrefu, nchi inatikisika, kisha kimya. Mti mkubwa umeanguka.

Asubuhi watu wanakusanyika, na hapo huulizwa maswali matatu. La kwanza: Nani ameuangusha? La pili: Ni wa nani? La tatu: Sasa tufanye nini? Ndugu msomaji, mti wenyewe huumiza mara moja. Swali la kwanza, likijibiwa vibaya, huumiza kijiji kwa miaka. Basi tuyachukue maswali hayo moja moja.

SWALI LA KWANZA: NANI AMEUANGUSHA?

Tuanze kwa kuujua mti wenyewe. Shina la mti mzee, uwe mvule, ule ambao wauza mbao huuita kambala, au mwingine, lina sehemu mbili. Sehemu iliyo hai iko nje, chini ya gome. Ndiyo inayopandisha maji hadi kwenye majani. Moyo wa katikati umekwisha kufa zamani. Kazi yake ni kuushikilia mti usimame. Siku moja tawi linavunjika, au moto wa shamba unachoma gome, na pale penye kidonda ukungu unaingia. Ukungu huo unakula moyo wa mti polepole, mwaka baada ya mwaka. Mchwa nao wanafuata. Lakini kwa nje majani ni ya kijani, ndege wanakaa, nyuki wanatengeneza asali katika pango la shina. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mti, kikulacho ki ndani ya moyo wako, na wapita njia hawakioni.

Tutazame na mizizi. Watu wengi hudhani kwamba mti mrefu una mizizi inayokwenda chini sana. Katika misitu yetu ya mvua, sehemu kubwa ya mizizi imetandaa karibu na uso wa ardhi, na miti mingi hujisaidia kwa zile kuta za shina ambazo watoto hujificha nyuma yake wanapocheza. Mvua ikinyesha siku nyingi, udongo unalegea kama ugali wenye maji mengi. Majani yanabeba uzito wa maji. Upepo unaotangulia mvua unakuja kwa nguvu. Kamba za msitu zimeufunga mti huu na mwenzake, hivyo mmoja ukienda unauvuta na wa pili. Ile milio uliyodhani ni bunduki ni mizizi na kamba hizo zikikatika.

Na radi je? Hapa nawaomba msikilize vizuri, maana kwetu radi nayo husemwa kuwa imetumwa na mtu. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi kwa satelaiti walitangaza sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi kuliko nyingine. Miongoni mwa zile za kwanza kabisa ni Kampene, hapa hapa kwetu Maniema. Na huko Panama, katika Amerika ya Kati, wataalamu wa kisiwa cha Barro Colorado walieleza mwaka 2019 kwamba katika kila miti mikubwa 100 iliyokufa, karibu 40 iliuawa na radi. Basi mkoa wenye radi nyingi namna hii, na miti mirefu namna hii, je, unahitaji mtu wa kutuma radi?

Fikirini pia jambo hili. Katika misitu ya nchi za joto, kwa kila miti 100, mmoja au miwili hufa kila mwaka. Ndiyo kusema kwamba kule ndani, mbali na vijiji, miti inaanguka mwaka mzima na hakuna mtu wa kuisikia. Ile nani anairoga? Mchawi gani angeweza kazi hiyo yote bila kupumzika?

Najua mama mmoja anaweza kuniambia: “Mwanangu, habari za ukungu na upepo nimezielewa. Lakini kwa nini usiku ule? Kwa nini nyumba yangu, na si ya jirani?” Mama, pole sana. Swali hilo si la ujinga. Ni swali la huzuni, na mtu mwenye huzuni ana haki ya kuliuliza. Lakini tusiligeuze kuwa hukumu. Mti ulikuwa unaoza tangu kabla nyumba haijajengwa. Mvua ilinyesha kwa wote. Mti uliangukia upande uliokuwa umeinamia, na nyumba ilikuwa upande huo. Mkono wa mtu hauko hapo.

Tena tazameni ni nani anayetajwa siku kama hiyo. Hatajwi mwenye nguvu. Anatajwa bibi mjane akaaye peke yake, ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika. Anatajwa mtoto yatima. Anatajwa jirani aliyegombana nasi juzi juu ya mbuzi. Yaani tunamtaja yule ambaye tayari tulikuwa hatumpendi. Mti umetupa sababu tu. Mkimfukuza bibi yule, mkamchomea nyumba, wanawe watarudi siku moja, na siku hizi vijana wenye hasira hawakosi pa kupata silaha. Hapo kilichoanza na ukungu kitakwisha kwa makaburi. Kuhusu watoto, sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto dhidi ya wanaomtesa kwa kumsingizia uchawi, na inatoa adhabu. Bibi naye ni mtu, hata kama hakutajwa katika sheria hiyo.

Na si miti tu. Mzee mkubwa akifa katika ukoo, swali ni lile lile: Nani amemwua? Mzee amekula miaka themanini, amekohoa tangu mwaka jana, lakini siku ya kilio tunamtafuta mwenye kosa. Ndugu msomaji, wazee pia huanguka kwa umri wao.

Wacha niwaeleze habari ya mti mmoja wa mbali. Katika mji wa Freetown, nchi ya Sierra Leone, ulikuwako msufi mkubwa sana, wenye urefu wa karibu mita 70 na umri unaokadiriwa kuwa miaka 400. Watu walioachiliwa kutoka utumwani walipofika hapo mwaka 1792, husimuliwa kwamba walikusanyika chini yake kuomba na kushukuru. Sisi wa Kabambare, ambao nchi yetu ilipitiwa na misafara ya pembe na ya watumwa, tunaweza kuelewa mti wa namna hiyo ulikuwa na maana gani kwao. Taifa zima liliupenda. Usiku wa tarehe 24 Mei 2023 ilinyesha mvua kubwa yenye upepo, na msufi ule ukaanguka. Watu walikuja kuutazama, wengine wakalia. Walilia kwa sababu wamepoteza mti wao, na mvua ilitosha kuwa jibu. Kulia pamoja kunatosha, hakuhitaji mshtakiwa.

Lakini kusema kwamba hakuna mchawi si kusema kwamba hatuna la kufanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mti hutoa dalili kabla ya kuanguka. Tazama kama uyoga unaota chini ya shina au juu ya mizizi. Tazama kama matawi ya juu yamekauka. Tazama kama udongo umepasuka au umeinuka upande mmoja, na kama mti umeinama kuliko mwaka jana. Gonga shina kwa nyuma ya shoka: likilia kama ngoma, ndani ni tupu. Jihadhari hasa na mti mmoja mrefu uliobaki peke yake baada ya kufyeka shamba; zamani wenzake waliukinga na upepo, sasa hauna wa kuukinga. Kabla ya mvua za Septemba, shefu wa lokalite na wazee wazunguke na kuitazama miti iliyo karibu na nyumba, shule na njia. Nyumba ya mjane ihamishwe kwa msaada wa wote, kabla hajapata msiba.

SWALI LA PILI: NI WA NANI?

Tuseme mti ulisimama juu ya mpaka wa mashamba mawili. Shina limeangukia shamba la Baba Fulani na kuvunja mihogo yake. Mizizi iko upande wa jirani. Baba Fulani anasema: “Nilipwe mihogo yangu, na mbao ni zangu.” Jirani anasema: “Mti ulipandwa na babu, na mpaka unapita hapa, si pale.” Saa hiyo hiyo anafika mpasua mbao na pesa mkononi. Ndugu msomaji, hapo ndipo panga linapoanza kunolewa.

Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema kwamba misitu ni mali ya Serikali, lakini wenyeji wana haki ya kuitumia kwa mahitaji yao kwa kufuata mila zao. Kuuza mbao ni jambo jingine, kunataka ruhusa. Basi asiwepo mtu wa kupokea pesa za mpasua mbao siku ya kwanza.

Sisi tunashauri hivi. Kwanza, shoka zikae chini mpaka barza ikae. Njia tu ndiyo ifunguliwe, ili mgonjwa na mtu wa sokoni wapite. Pili, wazee wa pande zote mbili waweke alama mahali pa kisiki mbele ya mashahidi, na wanawake wawemo, maana wao ndio wanaolima pale na wanaujua mpaka kwa jembe. Shina limeondoka, lakini mpaka haukuondoka nalo. Tatu, mihogo iliyovunjika ihesabiwe mchana, si usiku kwa hasira. Nne, kuni zigawanywe, na aliyeumizwa apate kwanza. Tano, pasiitwe mtu mwenye bunduki kuja kuamua. Anayekuja na bunduki kuamua habari ya mti atabaki kuamua habari ya shamba, na baadaye habari ya binti yako.

SWALI LA TATU: SASA TUFANYE NINI?

Nendeni mkatazame mahali mti ulipoanguka ndani ya msitu, baada ya miezi michache. Chini ya msitu mzito, katika sehemu 100 za mwanga wa jua, moja au mbili tu hufika ardhini. Miche midogo husimama gizani miaka mingi bila kukua, inangoja. Mti mkubwa ukianguka, jua linaingia, na ile miche inaamka. Unatangulia ule mti wenye majani kama mwavuli, ambao kwa Kilingala huitwa kombokombo. Unakua mbio, hauishi sana, na chini ya kivuli chake miti mingine inapanda. Shina lililolala linakuwa chakula cha uyoga na wadudu, na mwisho linakuwa udongo.

Sisemi kwamba msiba ni jambo jema. Nasema kwamba pale ulipoanguka mti pamebaki nafasi, na kila kijiji huchagua kitakachoota hapo. Katika kijiji kimoja linaota shitaka. Katika kingine, watu wanampa mjane kuni, wanapanda mche mpya juu ya mpaka mbele ya vijana wa pande zote mbili, na vijana wale watakuwa mashahidi miaka hamsini ijayo.

Kabla ya kuagana, nawaachia maswali ya kuzungumza nyumbani au kwenye barza. Katika kijiji chenu, ni mti gani unaotisha sasa, na nani atakwenda kuutazama? Mipaka yenu ikishikwa na miti mizee, mashahidi wake ni nani? Na je, yuko mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya mti, radi au kifo, ambaye ingefaa arudishwe?

Swali hili la mwisho msilipite haraka. Kama mtu huyo yuko, tumeni wazee wawili waende wakamsalimu.