Ua la Kahawa na Sega la Nyuki

Mtu anayefika Tunduma kwa mara ya kwanza hapokewi na harufu ya maua. Hupokewa na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na vumbi, na mahindi ya kuchoma. Lakini humo humo, katikati ya msukumano wa mpakani, wapo wauza manukato. Vichupa vyao vidogo kama kidole hupangwa juu ya ubao, na kila kimoja kina jina lake: asumini, waridi, udi, miski. Siku hizi muuzaji huongeza neno moja. "Hii ni asilia, mzee."

Neno hilo asilia ndilo lililozua ugomvi nyumbani kwa shangazi yangu huko Mbozi, nami nikaitwa kwenda kuamua. Shangazi ana kahawa kidogo aliyoachiwa na marehemu mumewe, na nyuma ya shamba ana mizinga ya magogo. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha. Wasikilizaji wa mijini ambao hawajawahi kuliona shamba la kahawa likichanua naomba waniamini: mikahawa inakuwa myeupe kama imemwagiwa unga, na harufu yake ni ya asumini iliyochovywa katika asali. Hudumu siku mbili tatu tu, halafu maua yanageuka rangi ya kutu na kudondoka.

Basi alipita mtu akawaambia vijana wa pale kwamba atanunua maua ya kahawa kwa kilo, fedha mkononi, yakatengenezwe absoluti. Binamu yangu hakungoja aelezwe mara mbili. Nilipofika alikuwa ameshachuma ndoo nzima, na Shangazi alikuwa ameweka kigoda chake katikati ya mikahawa, ameketi, hataki kuondoka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Muulize mwenzako hii ada ya shule ya Januari kumi na mwaka kesho atailipa kwa harufu?"

Binamu naye alikuwa na hoja yake. Kahawa inachumwa katikati ya mwaka ujao, na malipo yake huja yanapopenda. Fedha ya maua ni ya leo. Mimi nilimwelewa, na sidhani kuwa kijana anayetaka fedha ya leo ni mjinga.

Tuanze na hiyo absoluti, ndugu msikilizaji, maana ndiyo iliyowachanganya. Yapo maua yanayostahimili mvuke. Langilangi la Komoro hutiwa katika mtambo, likapigwa mvuke, mafuta yakatoka. Asumini halistahimili, joto huiharibu harufu yake. Ndiyo maana zamani mafundi wa Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa, walikuwa wakilaza maua ya asumini juu ya vioo vilivyopakwa shahamu, wakiyabadilisha kila siku, mpaka shahamu ile ishibe harufu. Baadaye wakagundua njia ya haraka zaidi. Maua huoshwa kwa heksani, kimiminika cha jamii ya petroli, kinapovukizwa linabaki bonge la nta lenye harufu, na bonge hilo likioshwa kwa spiriti safi, nayo spiriti ikiondolewa, kinachobaki ndicho absoluti. Ni kiini cha ua lenyewe, kizito, na bei yake inatisha.

Bei inatisha kwa sababu ya hesabu. Kilo moja ya asumini ni maua yapatayo elfu nane, na zinahitajika kama kilo mia sita au mia saba za maua ili ipatikane kilo moja ya absoluti. Asumini hulimwa kwa ajili hiyo hiyo, huko Misri na India. Mkahawa je? Kila ua ni tunda, na kila tunda kwa kawaida lina punje mbili za buni. Ukilikwanyua ua na kitako chake umeshavuna, umemaliza. Ni kweli zipo nchi ambako huondoa petali peke yake baada ya ua kuchavushwa, wakaacha kitako kikaendelea kuwa tunda. Hilo linawezekana. Lakini ni kazi ya mkono mwepesi, ua kwa ua, kwa siku mbili tatu. Nilikitazama kilichokuwa ndani ya ndoo ya binamu yangu. Vitako vilikuwemo humo, vya kijani, vingi.

Nilimwonyesha. Alikaa kimya.

Sasa wakati tunanyamaziana, mimi nilikuwa nimesimama karibu na jalala, na harufu ile ile ya asali na maua ilikuwa ikitoka jalalani. Kutazama, ni masega. Shangazi alikuwa amekamua asali na kuyatupa machicha. Wengine hupikia pombe. Yeye ni mtu wa kwaya, hapiki pombe.

Ndugu msikilizaji, hapo Grasse ipo absoluti ya nta ya nyuki. Mafundi wa manukato ya asilia wanaithamini, kwa kuwa hawatumii vile viungo vya kiwandani vinavyoigiza asali. Inanukia asali, majani makavu, na tumbaku kwa mbali. Ni nzito na haina haraka ya kuondoka mwilini, kwa hiyo huyashika mafuta mepesi kama ya chungwa, ambayo yakiachwa peke yake hutoweka kabla hujafika kituo cha basi. Ikiwekwa pamoja na asumini, asumini hupata mwili. Lakini hutiwa kidogo sana; ikizidi, mtu ananukia kama mtungi wa asali uliosahauliwa stoo. Nyuki wa Shangazi walikuwa wameshapita katika maua yale yale ya kahawa, na ya miombo ng'ambo ya pili, na hawakuangusha tunda hata moja.

Tulijaribu kilicho ndani ya uwezo wetu. Masega yakayeyushwa katika maji ya moto, yakachujwa kwa kitambaa, nta ikaganda juu, ya manjano. Tukaiparuza kama sabuni, tukailoweka katika spiriti safi. Konyagi haifai, ina maji mengi, ijapokuwa binamu alijitolea kuijaribu. Spiriti iliyotiwa dawa ili isinywewe pia haifai kupakwa shingoni. Na hakuna kuweka jikoni, maana spiriti hushika moto. Mwezi mzima ilitikiswa kila siku, kisha ikachujwa ikiwa baridi. Hiyo si absoluti kamili, tusidanganyane. Ni ndugu yake mdogo. Absoluti yenyewe inataka mtambo, na kama kiwanda cha Wawi kule Pemba kinakamua mafuta kutoka katika makonyo ya karafuu, ambayo ni vikonyo tu, sioni kwa nini Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 ukiwa na misitu na mizinga yake, iendelee kuyapeleka masega jalalani.

Yule mnunuzi wa maua hakurudi. Ndoo ile iliozea barazani.

Juzi nilikipeleka kichupa kimoja kwa muuza manukato wangu pale Tunduma. Alikifungua, akajipaka nyuma ya kiganja, akamhudumia mteja mwingine, akarudi akanusa tena. Akaniuliza bei. Nikamwambia mwenyewe ni shangazi yangu, ataitaja yeye.

"Na jina lake nani?" akauliza.

Nikadhani anamuuliza shangazi. Kumbe anakiuliza kichupa.