ANAYEULIZWA NAYE APEWE JIBU

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, katika mkutano wa wanachama wenyeji wa Kisii na Nyamira. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la kamati.)



Kamati imenipa nafasi niseme juu ya barua iliyo mezani. Wanafunzi wa sayansi ya jamii wa chuo kikuu wanaomba ruhusa ya kuja kwetu na karatasi za maswali. Wanataka kujua twapata mshahara gani, twakaa nyumba za namna gani, nani hulima shamba wakati baba yuko kazini, na kwa nini wengine wamejiunga na chama na wengine hawajajiunga. Wako wanachama wasemao tukubali, na wako wasemao tukatae kabisa. Baadaye mtapiga kura.

Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, wala sitajifanya mwalimu wa chuo. Lakini jambo hili latugusa pande mbili. Sisi ndio tunaoulizwa, na watoto wetu ndio wanaotumwa kuuliza.

Kwanza, tujue elimu hii ni kitu gani. Mtoto akisema nyumbani kwamba anasoma sosholojia, wengi wetu twamwuliza, "Hiyo itakupa kazi gani?" Baba aliyetoa bonasi yote ya majani chai, au aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo, ana haki ya kuuliza hivyo. Nitamjibu kwa mfano wa hapa kwetu.

Mwaka wa 1955 Mwamerika mmoja, Robert LeVine, alikuja Gusii pamoja na Barbara LeVine, wakakaa hadi 1957 katika mtaa ambao kitabu chao kiliuita Nyansongo. Kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1966. Kati ya 1974 na 1976 LeVine alirudi na wenzake, akiwamo Sarah LeVine, wakatazama jinsi mama wa Kigusii alivyomlea mtoto mchanga. Kisha wakalinganisha na akina mama wa Boston, Marekani. Mama wa hapa alimbeba mtoto, akilia akamnyamazisha upesi na kumnyonyesha, lakini hakuzungumza naye sana. Yule wa Boston alizungumza na mtoto mchanga mara nyingi kana kwamba ni mtu mzima.

Mtu wa haraka angesema mmoja ampenda mtoto kuliko mwenzake. Wao hawakusema hivyo. Walitafuta sababu, na katika kitabu cha 1994 wakaeleza kwamba mama wa Kigusii alitanguliza uhai wa mtoto katika miaka ile ya hatari, na baadaye utii na kazi za nyumbani. Mama wa Boston alitanguliza maneno na uchangamfu wa akili tangu mwanzo. Kila mmoja alilea kwa kufuata mambo aliyoyajua na aliyoyaogopa.

Hiyo ndiyo kazi ya elimu hii, ndugu zangu. Mtu huchukua jambo ambalo sote twaliona kila siku, akauliza kwa nini liko hivi wala si vile, kisha akatafuta ushahidi kabla ya kusema. Na chama cha wafanya kazi kinahitaji watu wa namna hiyo. Tukienda mbele ya mwajiri kudai nyongeza, hatuwezi kusema tu kwamba maisha ni magumu. Yatakiwa hesabu ya unga, ya nauli, ya kodi na ya karo, iliyopimwa kwa njia ambayo mwajiri hawezi kuicheka. Tom Mboya alikuwa kiongozi mkubwa wa vyama vya wafanya kazi alipokwenda kusoma Ruskin College, Oxford, mwaka wa 1955. Alisoma mambo ya wafanya kazi na waajiri, uchumi na siasa. Hakuona kwamba elimu hiyo ni ya kupoteza wakati.

Pili, nawasikiliza wanaosema tukatae. Maneno yao yana uzito. Kabla ya LeVine alikuwako Philip Mayer, mtaalamu wa jamii aliyefanya kazi kwa serikali ya kikoloni katika Gusii baada ya vita vya pili. Aliandika juu ya koo zetu, juu ya mahari, na mwaka wa 1951 juu ya risaga, yaani majirani kusaidiana kulima. Risaga ni mali ya wazee wetu. Kitabu kilichapwa Uingereza kwa Kiingereza, na wa kwanza kukihitaji walikuwa watu wa serikali.

Mwaka wa 1959 LeVine naye alichapa makala juu ya makosa ya kunajisi wanawake katika Gusii. Makala hiyo imetajwa sana katika vyuo vya ng'ambo. Mimi sisimami hapa kusema ni ya kweli yote au ni ya uwongo, na makosa yenyewe ni maovu, hayafichwi. Nauliza jambo moja tu. Ni wangapi humu waliowahi kuiona, waseme, "Hapa umeona sawa, na hapa umekosea"? Mtu akiandikwa asisome, hawezi kujibu. Atabaki akisemwa na wengine miaka sitini na zaidi.

Hata sisi wa reli tumeandikwa. Ralph Grillo alifanya utafiti kati ya wafanya kazi wa reli huko Kampala mwaka wa 1964 na 1965, siku ambazo reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wengi wa kutoka Nyanza walikuwa wakifanya kazi kule. Kitabu chake juu ya wafanya kazi hao kilitoka 1973, na kingine juu ya chama chao kilitoka 1974. Aliyepata kukiona hata kimoja na anyoshe mkono. (Hakuna aliyenyosha.) Basi, habari za ugomvi na umoja wa wazee wetu zimo humo, na sisi twajifunza upya mambo yale yale kwa hasara.

Tena miaka michache iliyopita alikuja kijana mmoja kwenye nyumba zetu za kazi. Aliandika kila kitu, hata idadi ya kuku. Tukamkaribisha chai. Aliahidi kurudi na majibu, na hatujamwona tena. Kwa hiyo mzee akisema, "Wanatukamua kama ng'ombe na maziwa wanakunywa wao," simlaumu.

Tatu, tutazame jinsi wanafunzi hawa wanavyofundishwa, maana ubaya mwingine unaanzia huko. Sisi twajua kazi hujifunzwa vipi. Kijana wa genge la njia hupewa kanuni. Lakini hawezi kuijua njia mpaka atembee juu ya mataruma na mzee, aonyeshwe kokoto zilizolegea, aambiwe sababu, kisha akague peke yake na mzee aje kumsahihisha. Kanuni bila njia ni maneno, na njia bila wa kukusahihisha ni hatari.

Sayansi ya jamii hujifunzwa vivyo hivyo. Kuna mhadhara, mwalimu akisema na wanafunzi wakiandika. Kuna majadiliano ya kikundi kidogo, mwanafunzi akisoma aliyoyaandika na wenzake wakimpinga. Kuna kwenda kwa watu. Na kuna kurudi na kuonyeshwa makosa. Mhadhara ndio rahisi kuliko yote, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwasomea mia tatu. Chuo kikijaa na walimu wakiwa wachache, majadiliano hufa kwanza. Mwanafunzi hukariri karatasi za miaka iliyopita, akajibu mtihani, akasahau. Akitumwa kwa watu huja na maswali yaliyonakiliwa, na hasikilizi jibu, maana hakuna atakayemwuliza alisikia nini.

Nasema hivi si kwa kuwatukana wahadhiri. Wao ni wafanya kazi kama sisi. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma vya Kenya waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mapatano ya 2017 hadi 2021 ambazo hazikulipwa. Mwalimu asiyelipwa, mwenye wanafunzi mia tatu, hawezi kusoma kazi ya kila mmoja. Tukitaka watoto wetu wafundishwe vyema hatuna budi kuwaunga mkono wale wanaowafundisha.

Wala si jambo lisilowezekana. Pale Makerere kuna taasisi ya utafiti wa jamii ya tangu siku za ukoloni. Profesa Mahmood Mamdani alipokuwa mkurugenzi alilalamika kwamba watafiti wamekuwa watu wa kujibu maswali ya wafadhili. Mwaka wa 2012 wakaanza masomo ya udaktari ambayo mwanafunzi husoma na kujadiliana darasani kwanza, apate kuunda swali lake mwenyewe, kabla ya kwenda kwa watu. Na hapa kwetu tuna Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Mtoto wa Nyamira halazimiki kwenda mbali kujifunza mambo ya jamii. Jamii yenyewe iko nje ya lango.

Basi shauri langu ni hili: tusikatae, wala tusikubali kama kondoo. Tukubali kwa masharti, nayo ni matano.

1. Waje na barua ya idara yao yenye jina la mwalimu anayewasimamia, na kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi kama kazi yao inakihitaji.

2. Mtu ye yote asilazimishwe kujibu. Majina yasiandikwe, na karatasi zisionyeshwe mwajiri. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka wa 2019 iko upande wetu.

3. Waulize kwa Kiswahili au Ekegusii, na mama zetu waulizwe wenyewe, wasisemewe na waume zao.

4. Wakimaliza warudi. Walete kurasa mbili za Kiswahili tuzipige chapa katika gazeti hili, kisha waje mbele ya mkutano kama huu tuwaambie walipokosea. Tumwombe mwalimu wao aje pia, na aihesabu siku hiyo kuwa sehemu ya masomo.

5. Nasi tuwape swali letu moja. Mimi napendekeza hili: mashamba ya Kisii na Nyamira yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka mengine hayatoshi nyumba na migomba. Reli haijafika kwetu, ndiyo maana tuliifuata Kisumu na Nairobi tukaacha wake zetu na shamba. Je, familia ya namna hiyo yaishi kwa nini hasa: kwa mshahara, kwa shamba, au kwa jasho la mama ambalo hakuna alihesabuye? Tukipata jibu hilo kwa hesabu, Katibu atakuwa na kitu cha kuweka mezani siku ya mapatano.

Sharti la nne ndilo msilolegeza. Wengine watasema wanafunzi hawana wakati. Lakini mwanafunzi aliyeuliza asirudi amejifunza nusu. Amejifunza kuchukua. Hajajifunza kusimama mbele ya mtu aliyemwandika na kumtazama machoni, na huko ndiko atakakojua kama aliyoyaandika ni kweli. Nasi tukiulizwa tusisome majibu, tumefundisha bure, tukabaki wajinga wa habari zetu wenyewe.

Bwana Mwenyekiti, barua iko mezani na masharti nimeyaandika, nakala anayo Katibu. Naomba yasomwe moja moja na kupigiwa kura, kisha barua ijibiwe juma hili, kabla vijana hawajaenda kuuliza mahali pengine wasikotakiwa kurudi.