Barabara za Upare na Kazi ya Diwani

Leo nataka kuwaelezeni habari za barabara katika nchi ya Upare, na jambo liwezekanalo na lisilowezekana kwa diwani.

Mtu asimamaye Same ataziona barabara za namna mbili. Iko ile kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, ipitayo Hedaru, Makanya na Same chini ya milima, katika nchi kavu. Tena ziko zile zipandazo Vudee, Chome, Mbaga na Mamba, zenye kona nyingi na bonde upande mmoja. Hatari zao si moja. Za juu huua kwa utelezi na maporomoko. Ile ya chini huua kwa mwendo.

Jioni ya tarehe 28 Juni 2025, mahali paitwapo Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana, yote mawili yakashika moto. Watu wasiopungua 38 walikufa. Ilielezwa kwamba gurudumu la basi moja lilipasuka, dereva akashindwa kulizuia. Maiti wengi waliungua hata jamaa zao wasiweze kuwatambua kwa macho. Sitaji haya ili kuwatonesha watu kidonda. Nayataja kwa sababu msiba ukitokea, wengi huuliza, “Diwani yuko wapi?” Swali ni la haki, lakini jibu lake halijulikani na wengi.

Zamani barabara za vijijini zilikuwa mikononi mwa halmashauri yenyewe. Tangu mwaka 2017 kazi hiyo inafanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Mwendo wa magari husimamiwa na polisi wa usalama barabarani, na leseni za mabasi hutolewa na LATRA. Basi, diwani hana mamlaka ya kujenga hata tuta moja katika barabara kuu. Akiwaahidi tuta siku za kuomba kura, muulizeni atalijenga kwa amri ya nani.

Je, hana kazi? Anayo, tena kubwa. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, naye huketi katika baraza la halmashauri. Neno likianza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukutana kila miezi mitatu, likaandikwa, likapita katika kamati ya kata, hufika Same likiwa na nguvu. Neno lililosemwa kilabuni hulala kilabuni. Tena na liandikwe sawasawa. Msiandike, “Barabara yetu ni mbaya.” Andikeni ni mahali gani, mbele ya shule gani, watoto wangapi huvuka asubuhi, ajali ngapi zimetokea tangu mwaka jana, na kama kibao cha mwendo kimeanguka. Wanafunzi wa darasa la sita waweza kuyahesabu hayo kwa juma moja, na hesabu yao haitashindwa na ya mkubwa yeyote.

Watu wa Upare hawakuanza leo kuujua mlango wa kubisha. Mwezi Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakaja Same, makao ya wilaya, kuikataa kodi iliyoitwa mbiru. Na mwisho wake kodi ile iliondolewa.

Sasa habari ya mwendo. Sheria yasema kwamba penye makazi ya watu gari lisizidi kilometa 50 kwa saa. Huenda dereva akanung'unika kuwa ni mwendo wa kobe, maana njia iliyonyoka hudanganya macho. Lakini hesabuni nami. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Liendalo 50 hupita mita 14. Mbuzi akiruka njiani, yapata sekunde moja hupita kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Kisha lile la 80 huhitaji nafasi ya kusimama zaidi ya mara mbili ya lile la 50. Nasi tuendao kwa miguu, pasipo njia ya watu, yatupasa kushika upande wa kulia, tuyaone magari yanayotujia.

Huko juu adui ni maji. Msaragambo uliozibua ndiva na mifereji ya mashamba waweza vilevile kuzibua mifereji ya barabara kabla ya mvua za vuli, wala kazi hiyo haingoji fedha ya mtu. Ila maji yasielekezwe shambani kwa jirani. Tena lori la tangawizi litokalo Mamba lisibebe watu juu ya magunia. Nimesikia watu wakisema kwamba ndiyo nafasi iliyopo, lakini kona za mlima hazisikii udhuru.

Kalavati likivunjika, msilifunike kwa matawi na udongo mkadhani mmemaliza. Wekeni matawi mbali kidogo, pande zote mbili, ili dereva apate kuyaona mapema. Kisha siku iyo hiyo mwenyekiti wa kijiji apeleke barua TARURA, na nakala kwa diwani, nanyi mbaki na nakala yenu yenye tarehe.