Vyombo vya Kujalidi Daftari Nyumbani

Ninyi mnaosikiliza kwa kikundi, sogeeni karibu na meza, maana leo nitawataka mshike karatasi mikononi.

Somo letu ni habari ya kujalidi, yaani kukunja karatasi, kuzishona na kuzitia jalada hata ziwe daftari. Kazi hii si ngeni pwani yetu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, walikuwako mafundi waliosifika kwa kuandika misahafu kwa mkono na kuijalidi. Sisi leo tutaanza na jambo dogo: daftari la hesabu za nyumbani.

Mtu atauliza, “Ninunue nini?” Hapo ndipo wengi hupotea. Mimi nilipoanza nilinunua sanduku zima la vyombo vya kung’aa, na vingi sikuvitumia hata mara moja. Chombo nilichokihitaji khasa, rula ya chuma, hakikuwamo. Basi nikachukua rula ya mti. Wembe ukauma mti, ukapanda juu ya rula, ukashukia kidole changu cha shahada. Kovu lipo hata leo, na karatasi niliyoinunua kwa fedha nyingi ililowa damu. Kwa hiyo nawaambieni: fedha yako, iwe ndogo namna gani, itumie kwa vitu vitatu kwanza.

Cha kwanza ni kisu cha kukatia karatasi, chenye wembe wa kubadilisha. Wembe butu ni wa hatari kuliko mkali, kwa sababu mtu huukandamiza kwa nguvu, nao huteleza. Usikate kwa mara moja. Pitisha wembe polepole mara tatu au nne, na vidole viwe mbali na ukingo wa rula. Wembe uliokwisha kazi utie katika kopo lenye kifuniko, watoto wasiuokote.

Cha pili ni rula ya chuma, ya sentimeta 30. Wembe hauwezi kuila.

Cha tatu ni karatasi yenyewe. Kwa daftari letu yatosha karatasi nane za A4, na moja ya manila kwa jalada.

Vilivyobaki tazama nyumbani kwako. Mafundi wana kipande cha mfupa laini cha kubonyezea mkunjo. Wewe tumia mgongo wa kijiko. Wana ubao wa kukatia. Wewe weka chini boksi gumu. Wana msharasi wa kutobolea. Sindano nene itafaa. Uzi wa pamba upitishe juu ya nta ya nyuki, au ya mshumaa, usije ukajisokota. Kwa uzito, funga matofali mawili kwa gazeti.

Na gundi? Koroga kijiko kimoja cha unga wa ngano katika vijiko vitano vya maji baridi, mpaka mabonge yaishe. Kisha pasha moto mdogo, huku ukikoroga, hata iwe nzito kama uji. Iache ipoe. Pika kidogo tu, maana huchacha upesi, na mende huipenda.

Sasa shikeni karatasi ya manila. Ipindeni kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Mnaona? Upande mmoja hukubali, upande wa pili hukaidi. Sababu yake ni hii: karatasi ikitengenezwa kiwandani, nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mashine inakokwenda. Mkunjo unaofuata nyuzi huwa laini. Unaozikata hupasuka, na jalada hujipinda likipakwa gundi. Kwa hiyo, katika jalada, nyuzi zielekee juu na chini, sawa na mgongo wa daftari. Karatasi za A4 za kawaida aghalabu nyuzi zake hufuata urefu, hata mkunjo wetu utazikata; lakini kwa karatasi nane nyepesi si neno, zibonyeze vizuri kwa kijiko.

Kushona ni hivi. Kunja karatasi zote pamoja, tia jalada nje, kisha toboa matundu matatu katika mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Chukua uzi wa sentimeta 60. Anza kwa ndani: toka nje kwa tundu la katikati, ukiacha mkia wa uzi ndani. Ingia kwa tundu la juu, pita ndani hata chini, toka kwa tundu la chini, kisha rudi ndani kwa tundu la katikati. Hakikisha ncha mbili zimekaa huku na huku ya uzi mrefu wa ndani, uzifunge fundo juu yake. Mgongoni bandika ukanda wa kitambaa cha kanga kuukuu kwa gundi yako, ulaze daftari chini ya matofali usiku kucha.

Asubuhi utakuwa na kurasa 32. Andika humo madeni, mauzo ya mayai, tarehe za chanjo za watoto. Makaratasi yaliyotawanyika hupotea, na hesabu hupotea pamoja nayo. Nimeona ndugu wakigombana kwa deni ambalo mstari mmoja wa wino ungalilimaliza.

Kazi ya juma hili: tengenezeni daftari moja kila mtu, kisha mlifungue na kulifunga mara ishirini. Likilegea, tazameni kwanza fundo. Somo lijalo tutatia jalada gumu.

Kwa herini.