Kocha Asiwe Hakimu

Januari 15, 2023, saa chache baada ya sherehe za ubingwa wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, gari liliacha njia mjini Athens. Mchezaji mmoja alifariki, pamoja na mfanyakazi wa timu aliyekuwa kwenye usukani. Polisi walisema dereva huyo alikuwa na kilevi zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, tena akishindana mbio na gari jingine.

Mwaka uliofuata, mchezaji mwingine wa timu hiyohiyo alikamatwa kwa tuhuma za kuendesha akiwa amelewa. Shtaka la ulevi lilifutwa; la kuendesha kizembe hakulipinga. Timu ikamfungia mechi moja. Moja, baada ya msiba ule!

Najua, kukamatwa si kutiwa hatiani. Lakini kuvaa jezi ya chuo ni heshima, na heshima inaweza kusubiri mahakama. Masomo na ufadhili wa mchezaji aliyekamatwa visiguswe, na apate mshauri nasaha. Ila uamuzi wa kumsimamisha kucheza usiwe wa kocha, ambaye analipwa kushinda mechi za Jumamosi. Uwe wa uongozi wa chuo, kwa kanuni iliyoandikwa kabla msimu haujaanza.